Nimeapa mara nne kuacha sigara na bado navuta. Je, sina nia?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, navuta sigara tangu nikiwa na miaka 22, sasa hivi kama 15 kwa siku. Nimeapa kuacha mara nne. Mara tatu za kwanza sikumaliza hata siku tatu. Mara ya nne nilipunguza polepole mpaka tano kwa siku, nikaacha kabisa, nikakaa siku 11. Siku ya 11 jioni nilikuwa na wenzangu baada ya kazi, mmoja akaninyooshea pakiti, nikasema moja tu. Kesho yake nilinunua pakiti yangu. Watu wananiambia penye nia pana njia. Kaka yangu ananiambia wazi kwamba mimi nia sina, maana yeye aliamka siku moja akaacha na hajarudi tena. Juzi nimemkuta mwanangu wa miaka sita ameshika kalamu kwa vidole viwili, anavuta na kupuliza. Akaniambia, 'Mimi ni baba.' Nataka kuacha kwa nguvu zangu mwenyewe, dawa sitaki. Inawezekana, au mimi ni dhaifu tu? Na hiki kikohozi cha asubuhi kitaisha?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile kalamu. Tutairudia.

Nianze na hilo neno "dhaifu", kwa sababu naona limekuumiza kuliko sigara yenyewe. Mtu asiye na nia haapi mara nne. Asiye na nia hajui hata ni siku ya ngapi aliyorudi kuvuta; wewe unaijua, unakumbuka ilikuwa jioni, unakumbuka nani alinyoosha mkono. Nia unayo tele. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba umeitumia yote kwenye saa mbaya kabisa, ile saa ambayo pakiti imeshafika mbele ya pua yako. Methali wanayokutupia ina maneno mawili, nia na njia. Wenzako wanasimamia la kwanza kama mahakimu, la pili hawalisemi.

Sasa nikujibu waziwazi: je, inawezekana kuacha bila dawa? Ndiyo. Wengi wa walioacha sigara duniani waliacha bila dawa yoyote, na kaka yako ni mmoja wao. Lakini kuna upande wa pili ambao hautajwi vikaoni. Ukiwachukua watu 100 wanaoacha leo kwa kukaza meno tu, ukawaangalia tena baada ya miezi 6 hadi 12, watakaokuwa hawajarudi ni 3 hadi 5 hivi. Kauli zote mbili ni za kweli, kwa sababu watu hujaribu tena na tena mpaka jaribio moja likashika. Tunayemsikia akisimulia ni yule aliyeshinda, naye husimulia siku aliyoshinda. Ukimbana vizuri kaka yako, huenda akakumbuka Jumatatu mbili tatu alizowahi kuapa na ikaishia hapohapo.

Na hata kama kweli aliacha kwa mara moja, miili yenu si sawa. Ini ndilo linaloivunja nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, na kasi yake hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu ya maumbile ya kurithi; hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Ambaye ini lake huivunja haraka huishiwa nikotini mapema, hutamani sigara nyingine mapema, na kwa kawaida hupata tabu zaidi kuacha. Huo si msimamo wala ukosefu wa msimamo.

Nikueleze kinachotokea ndani, maana mtu akijua anapigana na nini hapigi hovyo.

Chukua sigara yako ya kwanza ya asubuhi. Mkono unapapasa kiberiti kabla macho hayajafunguka vizuri. Umelala muda wa saa 7, na nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo unaamka ukiwa na karibu sehemu moja tu ya kumi ya ile uliyolala nayo. Hiyo hali ya kuamka mzito, kichwa kimejaa pamba, hutaki kusemeshwa, ni arosto, yaani karaha ya mwili uliokosa nikotini uliyoizoea. Arosto nyepesi, lakini ni arosto. Unawasha, unavuta, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 nikotini imeshafika kwenye ubongo. Mabega yanashuka. Unajisemea, "Sigara inanituliza." Kumbe imekuondolea tu karaha ambayo sigara ya jana usiku ilikuachia. Asiyevuta huamka akiwa tayari kwenye utulivu ambao wewe unaununua.

Ubongo una vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe iitwayo asetilikolini. Vifikirie kama vitundu vya kufuli. Nikotini ni ufunguo wa kughushi unaoingia humohumo, na kila ukiingia ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali inayouambia mwili, "Hili ni jema, lirudie." Sigara moja ina mivuto kama 10. Sigara 15 ni mivuto 150 kwa siku, na kwa miaka 19 hiyo ni zaidi ya mivuto milioni moja. Ubongo unaochokonolewa namna hiyo hujirekebisha kwa kuongeza idadi ya vitundu, na vyote vinadai ufunguo. Ukiacha ghafla vinabaki wazi, na hapo ndipo hasira, kukosa usingizi, njaa isiyoeleweka na akili kushindwa kutulia vinapotoka.

Habari njema ni kwamba vile vitundu vya ziada hupungua. Arosto huwa kali zaidi siku ya 2 na ya 3, kisha huanza kulegea, na kwa wengi huisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Angalia basi safari zako: tatu za kwanza zilikufa palepale kwenye kilele, ambapo karibu kila mtu hufa. Ya nne ulikivuka kilele. Siku ya 11 mwili wako ulikuwa umeshafanya sehemu kubwa ya kazi ngumu. Kwa hiyo usiniambie nikotini ndiyo iliyokuangusha jioni ile.

Kilichokuangusha ni kitu cha pili, na hiki ndicho watu hawaambiwi. Ile mivuto milioni moja haikufanyika hewani. Ilifanyika baada ya kula, ukiwa na simu sikioni, ukiwa na kikombe mkononi, ukisubiri usafiri, ukikaa na wenzako kazi ikiisha. Kila mvuto uliishonea sigara kwenye saa hiyo, kiti hicho, sura hizo. Nikotini hutoka mwilini kwa siku chache, ila mshono huo hufumuka polepole sana, na haufumuki ukiwa umekaa chumbani. Hufumuka kwa kupita kwenye hali ileile, mara nyingi, bila sigara. Siku 10 ulikuwa unafumua. Jioni ya 11 ilikuwa mara yako ya kwanza, nadhani, kukaa kwenye kile kikao bila kuvuta, na ulikwenda mikono mitupu.

Nguvu zako mwenyewe, hizo unazozitaka, zina mahali pake: zitumie mapema, ukiwa umetulia, kupanga jinsi ambavyo hutalazimika kupigana. Kusema "nitajikaza ikifika" ni kumwachia mtu mwingine kazi, yule wewe wa saa moja jioni, aliyechoka, ana hamu, na anapenda kukubalika na wenzake. Huyo usimtegemee. Mfanyie kazi yake asubuhi.

Kwa hiyo chagua tarehe, ndani ya wiki mbili kuanzia leo. Safari hii usipunguze polepole, acha siku moja. Najua wengi huamini kupunguza ndiko kwa busara zaidi, lakini utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2016 uliwagawa wavutaji 697, wengine wakaacha ghafla siku waliyoipanga, wengine wakapunguza kwa wiki mbili kabla. Baada ya wiki 4, walioacha ghafla asilimia 49 walikuwa bado hawavuti, waliopunguza asilimia 39. Baada ya miezi 6 ilikuwa 22 kwa 15.5. Hawa wote, kumbuka, walipewa pia nikotini ya tiba, kama ile ya plasta, na ushauri, ndiyo maana idadi zao ni nzuri kuliko zile 3 hadi 5 nilizokutajia. Tatizo la kupunguza ni kwamba kila sigara inayobaki inakuwa tamu zaidi. Ile ya tano ya siku, uliyoisubiri saa tatu nzima, ilikuwa zawadi. Umeufundisha ubongo wako kuithamini kuliko ulipokuwa unavuta 15. Na kama ulikuwa unajifariji kwamba chache hazidhuru, moyo haukubaliani nawe: anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Kabla ya tarehe hiyo, tembea na karatasi kwa siku tatu. Kila ukiwasha, andika saa, mahali, na neno moja la ulivyojisikia. Utashangaa. Katika 15 zako, pengine 4 au 5 ndizo unazozihitaji kweli. Nyingine mkono unajiwashia wenyewe. Hiyo karatasi ndiyo ramani yako. Kwa kila mahali palipoandikwa, amua utafanya nini badala yake, na ukiamue kwa sentensi kamili: "Nikimaliza kula, nainuka hapohapo kwenda kupiga mswaki." "Akininyooshea pakiti, nasema sivuti, kisha nainuka kwenda kunywa maji." Zingatia neno hilo, sivuti. Ukisema "najaribu kuacha" umemwachia mlango wazi, na mwenzako mwema atausukuma kwa mzaha. Waambie kabla, tena wote kwa pamoja. Na wiki tatu za kwanza kile kikao kikose. Si milele, wiki tatu tu. Wengi huniona mkali hapa, wanasema ni kukimbia. Sawa, kimbia. Mguu uliovunjika hauchezeshwi mpira ili kuupima kama umepona.

Hamu yenyewe, ikija, haikai muda mrefu. Huja kama wimbi, hupanda, na kwa kawaida ndani ya dakika 3 hadi 5 huanza kushuka, uvute usivute. Watu wengi hawajawahi kuiona ikishuka kwa sababu huwasha ikiwa bado inapanda. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa akigeuza saa yake ya mkononi na kutazama mshale wa sekunde, basi, bila dua wala mapambano. Aliniambia mara ya kwanza dakika nne zilikuwa ndefu kama ibada. Wiki ya tatu alikuwa anasahau kutazama.

Jambo jingine dogo ambalo limewarudisha wengi bila wao kujua ni kahawa na chai kali. Moshi wa sigara (moshi, si nikotini) huliharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile ulivyozoea vinaweza kukuachia kafeini karibu mara mbili mwilini. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi haupo, nawe unasema, "Arosto inaniua." Nusu yake ni kahawa. Kata vikombe nusu tangu siku ya kwanza.

Uzito? Utaongezeka kidogo. Wastani ni kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza, wengine hawaongezi kabisa. Tutaushughulikia baadaye, usianze mlo mkali wiki hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa tutatofautiana kidogo. Unasema unataka nguvu zako mwenyewe, kana kwamba anayebandika plasta ya nikotini ameiba mtihani. Anayevuka mto kwa mtumbwi bado anapiga kasia. Dawa haiinuki kwenye kikao kwa niaba yako, haisemi "sivuti" kwa niaba yako. Inachofanya ni kuzipunguza kelele za vile vitundu ili uwe na akili ya kufanya hayo yote. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wa kuwatibu wanaotaka kuacha tumbaku, likaunganisha dawa na ushauri. Lisingefanya hivyo kama ingekuwa suala la tabia njema na mbaya.

Plasta hubandikwa kwenye ngozi kavu, ikabadilishwa kila siku. Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10, huanza na ya miligramu 21 kwa wiki kadhaa, kisha 14, kisha 7. Nikotini yake huingia polepole, haileti ule mshtuko wa sekunde 10, ndiyo maana ni vigumu kuizoea kama sigara. Chingamu ya nikotini ni ya dharura, kwa ile hamu inayokuja ghafla, na watu wengi huitafuna vibaya kama peremende mpaka wakapata kwikwi na kiungulia. Itafune taratibu mpaka usikie ukali, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi, ukali ukipungua utafune tena. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla, kwa kuwa asidi huzuia nikotini kupenya. Plasta na chingamu kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Kuna pia vidonge kama vareniklini, vinavyohitaji cheti cha daktari na vinavyoweza kuleta kichefuchefu na ndoto za ajabu, na bupropioni, ambayo mwenye kifafa hapewi kabisa.

Na usihofu kwamba utabadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoua zaidi ni moshi: kemikali zaidi ya 7,000, angalau 69 kati yake zikijulikana kusababisha saratani. Sigara za kielektroniki zimewasaidia baadhi ya wavutaji kuacha, hilo siwezi kulikana, ila nimeona wengi wakiishia kutumia zote mbili. Kwako nisingeanzia huko. Shisha wala usiitaje; maji hayauchuji moshi ukawa salama.

Ukitaka kujipima kama unahitaji dawa, jiulize swali moja: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, mwili wako umefungwa barabara, nami ningekushauri usiende bila msaada. Ikiwa unaweza kukaa saa moja na zaidi bila shida, jaribu kwa njia yako, ukiwa na ramani yako mkononi.

Na ukiteleza je? Turudi kwenye ile jioni. Sigara moja uliyovuta siku ya 11 haikukurudisha. Kilichokurudisha ni hukumu uliyojipa usiku ule: "Nimeshaharibu, mimi ndivyo nilivyo." Pakiti ya kesho yake uliinunua kwa hukumu hiyo. Safari hii ukiteleza, na naomba usiteleze, izime hata ikiwa katikati, ondoka mahali hapo, na uendelee kuhesabu. Kisha andika kwenye karatasi yako ni nani, wapi, saa ngapi. Hapo ndipo pa kuziba.

Kikohozi. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kuelekea kooni, na moshi huvilaza. Ukiacha, huamka na kuanza kufagia uchafu uliorundikana, kwa hiyo usishangae ukikohoa zaidi wiki za mwanzo. Kwa wengi kikohozi na pumzi fupi hupungua kati ya mwezi 1 na 9. Lakini wewe umevuta miaka 19, na sitaki kukuhakikishia kifua ambacho sijakisikiliza. Nenda ukapimwe hata kabla ya kuacha. Na nenda upesi, usisubiri tarehe yoyote, ukitema damu, ukipungua uzito bila sababu, ukitokwa jasho usiku, sauti ikikwaruza wiki tatu mfululizo, au kifua kikibana unapopanda ngazi. Maumivu makali ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Mwone daktari kabla ya kuacha pia kama unatumia insulini, warfarini, theofilini, klozapini au olanzapini, kwa sababu mwili ukiachana na moshi, dozi hizo zinaweza kuhitaji kurekebishwa. Na kama uliwahi kuugua sonona, mweleze. Huzuni kidogo wiki za mwanzo ni ya kawaida na kwa wengi hali ya moyo huishia kuwa bora kuliko walipokuwa wanavuta. Ila huzuni inayozidi wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru, hiyo si arosto ya kuvumilia. Tafuta mtu wa afya siku hiyohiyo.

Umri wako una jambo la kukuambia. Madaktari wa Uingereza walianza kufuatiliwa mwaka 1951 na mtafiti Richard Doll na wenzake, wakafuatiliwa kwa nusu karne. Waliovuta sigara maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 40 hivi waliokoa karibu miaka 9 kati ya hiyo 10. Walioacha wakiwa na 50, karibu 6. Wewe una 41.

Mwanao ana sita. Yeye hajui sigara ni nini. Anachojua ni kwamba baba hushika kitu kwa vidole viwili. Mwambie tarehe yako. Usimwapie, viapo umekwisha kula vya kutosha, mwambie tu, na mpe ile kalamu aiweke alama kwenye kalenda kila siku inayopita.

Kisha hesabu siku 11 kuanzia tarehe hiyo, uone inaangukia lini. Jioni ya siku hiyo, na ya kabla yake, na ya baada yake, uwe umeshaamua leo utakuwa wapi na utakuwa na nani.